Mnaosema "safisha kichwa" kwenye printa za sablimesheni zenye mirija, leo tuonane hapa

Wakuu, nazungumzia printa ya kuchapa picha kwenye karatasi kisha joto likazihamishia kwenye kikombe, yenye matangi ya nje yanayopeleka wino kwa mirija hadi kichwani, yaani sehemu inayorusha wino. Naandika huku kucha zina majenta (wino wa rangi ya waridi iliyokolea) ambayo haitoki hata kwa spiriti. Nina vikombe 40 vya harusi, vimetoka 22, na cha 23 bibi harusi kageuka kijani. Kijani kabisa, kama mgonjwa wa homa ya manjano. Bwana harusi naye ana michirizi shavuni.

Wanaojua kazi hii mnajua karatasi ya sablimesheni inavyodanganya. Picha ikitoka kwenye printa imefifia tu, kila mtu kapauka, huwezi kujua kama majenta imepungua au ndivyo wino ulivyo kabla ya kupata joto. Unafunga kwa tepu, unaweka kwenye mashine ya kubana, nyuzi 190 hivi, unasubiri, unafungua… ndipo unaona kikombe kimeharibika, na hakuna cha kufuta hapo.

Basi nikafanya kama ninyi mlivyonifundisha. Nikauliza, nikajibiwa na watu saba, na wote saba jibu moja: safisha kichwa. Nikasafisha. Nikapima nozo (vitundu vya kichwa vinavyorusha wino) kwa ukurasa wa majaribio, mistari yote imenyooka, nikafurahi kama mjinga. Kikombe cha kwanza safi, cha pili safi, cha tatu kijani. Nikasafisha tena. Mara sita! Mtu wa nane akaniambia nifanye ule usafi mkubwa, wenye kunywa wino kama ngamia aliyefika kisimani. Nikafanya huo pia.

Sasa nisikilizeni. Nozo iliyoziba inaziba. Ukipima leo inakosa mstari wa tatu na wa tisa, ukipima baada ya saa moja inakosa wa tatu na wa tisa. Printa yangu ilikuwa inaanza vizuri halafu inafifia kadiri inavyochapa, na ukiiacha ipumzike inapona yenyewe. Hiyo ni kiu, wakuu. Kichwa kilikuwa kinakosa wino, hakijaziba popote! Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza swali hilo dogo: inakosa mistari ileile au inafifia polepole?

Nilikuja kugundua mwenyewe, usiku, nikiwa na tochi ya simu. Kwenye mrija wa majenta kulikuwa na hewa ndefu kama kidole changu cha shahada, imekaa pale kwenye kona ambapo mirija inapinda ikifuata kichwa kwenda na kurudi. Nikafuata mrija hadi kwenye tangi. Kila tangi lina matundu mawili, kubwa la kujazia na dogo la kuvutia hewa. Yale madogo yote manne yalikuwa na vizibo vya mpira. Vizibo vya safari! Vinawekwa ili wino usimwagike njiani, na ukianza kuchapa unavitoa, unaweka vichujio vidogo vya hewa, na tundu kubwa ndilo linabaki limezibwa. Mimi nilikuwa nachapa na matangi yamezibwa mdomo na pua. Wino ukitoka hewa haiingii, kinachobaki ndani kinavutwa kinyume, na kila nilipobonyeza "safisha" pampu ilikuwa inanyonya hewa kupitia kila kiungo kilicholegea. Yaani dawa yenu ndiyo ilikuwa inaleta ugonjwa.

Muuzaji aliyenifungia mtambo huu alisema nini? "Ukichomeka tu unachapa." Karatasi ya maelekezo hakuna. Nilipompigia kumuuliza habari ya vizibo akasema alidhani najua. Nijulie wapi?

Halafu kuna yule aliyenishauri ninyanyue matangi juu ya boksi "wino ushuke vizuri". Ushuke kweli, kaka, ulishuka hadi ukachuruzika kwenye karatasi na kwenye ule mkanda wa plastiki unaoiwezesha printa kujua kichwa kilipo. Matangi yanakaa usawa mmoja na printa, meza moja, basi. Ukiyapandisha wino unafurika kichwani, ukiyashusha unarudi nyuma na hewa inaingia.

La chipu, kile kidude kinachoiambia printa wino umebaki kiasi gani, sitaki kulisema sana. Mashine inaniambia majenta imeisha na mimi naliona tangi limejaa mpaka shingoni. Inahesabu matone iliyochapa, haioni wino. Nimeshazoea kubonyeza kitufe cha kurudisha hesabu mwanzo, na kukubali sasisho la programu ya printa nimeacha, maana linaweza kukataa chipu zote siku moja.

Lakini lililonifanya nifungue uzi huu ni la leo asubuhi. Nimeshatoa vizibo, nimevuta hewa yote taratibu kwa sindano (ya dawa, bila ncha), majenta imejaa mrija mzima, nozo zote zimenyooka. Nikachapa kikombe kimoja, bibi harusi karudi na rangi yake ya kuzaliwa. Nikaweka karatasi ya pili. Taa zote mbili zikaanza kuwaka na kuzima. Sifongo ya wino mchafu imejaa. Ule wino wote niliosafishia kichwa kwa ushauri wenu haukupotea hewani, umekwenda kulala chini ya printa kwenye sifongo, kihesabio kimefika mwisho, na sasa mashine haichapi hata nukta.

Kwa hiyo niko na printa nzima, kichwa kizima, wino umejaa, na vikombe vilivyobaki havijachapwa.

Nahitaji mtu aliyewahi kubadilisha sifongo hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Je, ukiweka mpya na kurudisha kihesabio sifuri inatosha, au kuna aliyetoa mrija wa wino mchafu nje ya mashine ukamwagia kwenye chupa, na ulipitishia wapi? Picha zikiwepo nitashukuru.

Atakayeniandikia "safisha kichwa" nitamjibu kwa lugha ambayo moderata ataifuta.