Kitochi cha bibi: Nokia, itel au Tecno? Na kwa Dodoma mjini ninunue wapi?

MjukuuWaKibakwe
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma mjini, Jumamosi naenda Kibakwe kumwona bibi yangu, ana miaka 74, nataka nimpelekee kitochi. Mwaka jana mjomba alimpa simu janja na imemtesa kweli. Vidole vyake vimekakamaa kwa jembe, akigusa kioo hakimsikii, na akipigiwa hajui ateleze upande gani. Chaji haifiki jioni. Kwake hakuna umeme, simu inapelekwa dukani kwenye sola na analipia. Ikizima tunakaa siku mbili hatujui ameamkaje.

Bajeti ni 50,000. Anahitaji kupiga, kupokea, kutoa hela tunazomtumia, tochi na redio, basi. Nimeona Nokia 105, itel na Tecno, na kila muuzaji anasifia ya kwake. Ipi inamfaa? Na ninunue madukani mjini, Machinga Complex, au niagize Kariakoo?

FundiMajengo
Mdogo wangu, natengeneza simu hapa Majengo, nikueleze ninayoyaona mezani.

Nokia 105 halisi ni ngumu na vitufe vyake ni vizuri, lakini betri ni ndogo. Toleo la 2019 lina mAh 800, la 2023 lina 1,000. Kwa mtu mwenye soketi ukutani haina shida. Kwa bibi anayelipia chaji, mimi ningeanza na betri, mengine baadaye. Zipo itel zenye 1,900. Mwambie muuzaji afungue mfuniko usome namba kwenye betri yenyewe, boksi lisikutoshe. Halafu ishike mkononi, kwa sababu betri feki inaandikwa namba kubwa huku nyepesi kama kiberiti.

Itel na Tecno usizishindanishe sana, zote ni za kampuni moja ya Kichina, Transsion. Angalia ipi ina vitufe vikubwa na spika yenye nguvu. Baadhi ya itel zinatumia betri za muundo wa BL-5C, ule ule wa Nokia za zamani, hivyo ikifa hata Mpwapwa mjini atapata nyingine.

Kijana_Ng'ong'ona
Mimi ningeongeza hela kidogo nichukue kitochi cha 4G. Sauti inasikika safi zaidi, na wazee wengi masikio yameshachoka. 2G, mtandao wa zamani, hautakaa milele.

FundiMajengo
Sauti ya 4G ni nzuri, sikatai. Lakini inataka mnara wa 4G uwe karibu na laini iwe imewezeshwa kupigia 4G. Kijijini penye 2G tu, simu hiyo itarudi 2G kama nyingine, na hela uliyoongeza imekaa bure. Kutuma na kutoa hela kwa menyu za *150* hakuhitaji intaneti kabisa. Kwanza uliza watu wa kule wanashika mtandao gani, na unashika vipi ndani ya nyumba, siyo juu ya kilima.

Na ukionyeshwa kitochi chenye WhatsApp, uwe mwangalifu. Vingi vilikuwa vya mfumo wa KaiOS, na WhatsApp walishaacha kuuhudumia.

MamaZabibu
Jamani mnaongelea simu, hamjaongelea laini, na hapo ndipo mimi nililia.

Mama yangu yuko Bahi. Nilimnunulia kitochi kizuri, nimefika nacho, nafungua simu janja yake nitoe laini, nakuta ni ile ndogo kabisa. Kitochi kinataka laini kubwa. Duka la pale kijijini halikuwa na adapta. Nikaondoka nimemwachia simu isiyopiga. Niliporudi na adapta, laini ikanasa kwenye pini wakati wa kuitoa, pini ikapinda. Ikabidi tubadilishe laini, na hapo ndipo tukagundua ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa Mbeya. Kurudisha laini kunataka alama ya kidole ya aliyeisajili. Hela za mama zilikaa humo wiki tatu.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya Jumamosi mpigie mjomba umuulize laini ya bibi ina jina la nani. Bibi akiwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, anaweza kupiga *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Kama haimo, msajilini yake mwenyewe. Hela ni zake, laini iwe yake.

Jingine: majina mengi yanakaa kwenye simu, siyo kwenye laini. Yaandike yote kwenye daftari kabla hujazima ile ya zamani.

MzeeWaKondoa
MamaZabibu umesema jambo kubwa sana.

Mimi nilianza na Nokia 1100, ile ya 2003. Ndiyo iliyotuzoesha wengi kwamba simu ni tochi pia. Usiku wa kwenda zizini hakuna kitu kingine nilichokuwa nashika. Kwa hiyo jaribu tochi dukani, na uone inawashwaje. Nyingine zinataka uingie kwenye menyu, mzee hawezi hilo gizani. Iwe kitufe kimoja cha kubonyeza.

Kuhusu mahali, Kariakoo utaokoa elfu kadhaa kwa simu moja, halafu ikija mbovu unairudisha vipi? Nunua hapo hapo mjini, duka lenye mlango na risiti ya EFD, ambalo wiki ijayo utalikuta. Machinga Complex wapo waaminifu na bei zinapungua ukijua kuongea, ila nenda na mtu anayemjua muuzaji. Mnadani Msalato mimi nanunua nyama, simu sinunui. Ya mkononi ndiyo usiguse, hujui imetoka kwa nani.

FundiMajengo
Naongezea la dukani. Kabla hujalipa bonyeza *#06#, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Ilingane na ya kwenye boksi. Itume kwa SMS kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya aina gani. Ukijibiwa aina nyingine na uliyoshika, iache hapo hapo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki Juni 2016, na watu walioumia ni hawa hawa wanaonunua simu za elfu thelathini. Kisha weka laini yako, piga, ongea dakika moja ukiwa nje penye kelele. Jaribu redio bila kuchomeka earphone, nyingi za itel zinashika.

MjukuuWaKibakwe
Wakuu, asanteni. MamaZabibu, shikamoo dada. Nimempigia mjomba, na kweli laini ni ya jina lake. Tumekubaliana Jumamosi mjomba anakwenda na bibi Mpwapwa mjini kusajili nyingine kwa NIDA ya bibi.

Nimechukua itel ya betri 1,900, vitufe vikubwa, tochi ya kitufe kimoja, kwa 38,000 duka moja karibu na Nyerere Square, na risiti ninayo. Duka la jirani walinionyesha Nokia 105 ya 30,000. IMEI ya ndani na ya boksi zilitofautiana, nikaiacha.

Nimeweka menyu ya Kiswahili. Namba 2 akiibonyeza muda mrefu inanipigia mimi, 3 mjomba, 4 jirani yake mwenye bodaboda. Bibi ameniuliza kwenye simu kama redio inashika taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nimemwambia inashika.

MamaZabibu
Marahaba mdogo wangu. Mnunulie na betri ya akiba. Hiyo moja ikiwa dukani kwenye sola, nyingine iko ndani ya simu.

MjukuuWaKibakwe
Hilo sikuliwaza kabisa. Kesho asubuhi narudi dukani.