Katiba mpya: hela ya wafadhili iingie au isiingie?

Mtu wa Pwani
Wakuu heshima kwenu. Kila katiba mpya ikitajwa tunaambiwa bajeti hamna, halafu kuna wanaosema waombwe wahisani wagharamie elimu ya uraia, kuchapa rasimu mpaka kura ya maoni. Hii yetu Tanzania ya 1977 imechoka, hapo sibishani na mtu. Swali ni moja, hela ya nje iingie au isiingie?

Kigoda
Isiingie. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kenya 2010 wabunge wa Republican walipiga kelele huko kwao Marekani kwamba USAID, shirika lao la misaada, imemwaga zaidi ya dola milioni 23 kwenye mchakato ule, makanisa nayo yanapinga kifungu cha utoaji mimba na mahakama za kadhi, ikawa vurugu tupu. Najua watu wa semina mtapinga, ndo mnapolia ugali.

Bi Mkubwa wa Kata
Watu wa semina ndo akina nani? Mimi 2013 nilikuwa mjumbe wa baraza la katiba wilayani, nimepigiwa kura na kata yangu. Nakala moja ya rasimu tunachungulia watu watatu, mama mmoja anafuata mistari kwa kidole, akafika kwenye serikali tatu, ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar, akauliza "hii ya tatu nayo itajengewa Ikulu?" Ukumbi mzima kimya, hakuna wa kumjibu. Leo unaniambia nilifuata ugali!

Kigoda
Sijakutaja dada yangu. Ila jiwe likirushwa gizani...

Bi Mkubwa wa Kata
Mimi si dada yako, pengine nimemzaa mkubwa wako. Chunga mdomo.

Chaurembo
😂😂 Shikamoo mama. Kigoda omba radhi mapema.
Ila Kenya mbona mnaisema nusu nusu, pamoja na kelele zote si ilipita kwa asilimia 67? Kamati yao ya wataalamu ilikuwa na wageni watatu, Mganda, Mzambia na mama wa Afrika Kusini, na katiba wanaitumia mpaka kesho. Sisi tuliotumia vya kwetu rasimu ya tume ya Jaji Warioba ya 2012 iko wapi?

Karani Mstaafu
2013 kijana. Ya kwanza Juni, ya pili Desemba. 2012 tume ilikuwa bado inazunguka kukusanya maoni.

Chaurembo
Sawa mzee, 2013. Iko wapi?

Ngosha
Iliishia Dodoma 2014, kwenye Bunge Maalumu la Katiba. Wajumbe zaidi ya 600, laki tatu kwa siku kila kichwa, na wengine bado wanalia haitoshi waongezewe! Wiki nzima nzima watu wanabishana kura iwe ya siri au ya wazi na mita inasoma. UKAWA, ule umoja wa wapinzani, wakasusa Aprili, waliobaki wakapitisha ya kwao Oktoba, kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, mpaka leo kimya. Mzungu gani alihusika hapo?

Kigoda
Hao UKAWA laki tatu za kabla ya kususa walirudisha?

Ngosha
Na waliobaki je? Wao ndo walikula mpaka Oktoba.

Kigoda
Jibu swali.

Ngosha
Nimejibu, hujapenda.

Mtu wa Pwani
Jamani swali langu la wafadhili...

Karani Mstaafu
Wafadhili wenyewe wapi, USAID si imefungwa 2025. Unauliza bei ya ng'ombe aliyekwisha kufa.

Chaurembo
Kuna shirika moja, jina kapuni, lilikuja kwetu na elimu ya katiba. Tukapewa kofia, fulana na kitabu cha Kiingereza. Kitabu sijui kiko wapi. Kofia babu yangu anaendea shamba.

Kigoda
Umeona sasa? Ndo nilichosema mwanzo.

Bi Mkubwa wa Kata
Wewe bado hujaniomba radhi.