Kalamu ya mwandiko wa Kiajemi inakatwaje? Mafunjo yamenishinda

mkono_mwepesi: Jamani habari za huko. Mi naandika kadi za harusi na vibao vya Kiarabu hapa Kampala, miandiko ya naskhi na thuluthi sina shida nayo, sasa kuna mteja kanitumia picha ya ukurasa wa Kiajemi, maneno yameinama kama yanateremka kilima na pembeni dhahabu na bluu imejaa, anataka jina la mkewe liandikwe hivyohivyo. Nikachonga kalamu ya funjo la ziwani, wino ukanywewa wote halafu ukamwagika puu kwenye karatasi. Nakosea wapi?

kidau: Funjo ndani ni sponji ssebo, halina uwazi, litakunywa wino mpaka uchoke 😂 Tafuta tete lililokomaa, lile gumu lenye tundu, ncha uikate mshazari uipasue kidogo katikati wino upate pa kushukia. Kwenye kidau tia nyuzi za hariri ili kalamu isichote wino mwingi. Wino wenyewe ni masizi na gundi ya mgunga, na hiyo gundi hata Karamoja inavunwa, usiagize mbali.

binti_wa_hati: Kaka huo mwandiko ni nastaliki, umezaliwa na naskhi na taaliki (mwandiko mwingine wa Kiajemi) huko Iran karne ya 14, wengi wanamtaja Mir Ali wa Tabriz kama mwanzilishi wake. Ila kalamu nzuri peke yake haitakusaidia kama mkono bado ni wa thuluthi. Pima kwa nukta ya kalamu yako, yaani kidoa ambacho ncha yake inaacha ukiigusisha karatasi: alifu ya thuluthi inafika nukta 7, ya nastaliki 3 tu, halafu neno linaanzia juu kulia linashuka hadi kwenye mstari. Waandishi wa Kiajemi wenyewe wanajaza karatasi ya mazoezi mpaka inakuwa nyeusi tii, wanaiita siyah mashq, na siku hizi watu wananunua hizo karatasi kama mapambo!

kidau: Na dhahabu muachie mwingine. Kwenye karakana za wafalme mwandishi alikuwa mtu mwingine, mchoraji mwingine, mtia dhahabu mwingine. Dhahabu inasagwa na gundi, inapakwa kwa brashi, ikikauka inasuguliwa na jiwe la akiki ndo ing'ae. Bluu ile ya zamani ni jiwe la lapisi lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan, sidhani kama mteja wako amelipia hiyo.

mkono_mwepesi: Kalipia advansi ya kadi moja 😅 basi bluu itakuwa ya dukani. Matete nimeshayaona karibu na mtaro wa kwetu, kesho naenda na kisu.