Naomba ushauri: mwavuli unatokea kwa miwani ya nyanya

Habari wadau, niko hapa Kondele, Kisumu, nataka kumpiga nyanya yangu picha moja ya maana ya kutundika ukutani kabla arudi Siaya Jumapili. Niko na flashi mbili na miavuli miwili ya picha, ya kulainisha mwanga wa flashi, ule mweupe wa kupitisha mwanga na ule mweusi wenye rangi ya fedha ndani, sebule ni futi 10 kwa 12 na kuta ni za kijani. Mweupe nimeuweka kushoto kama mita moja kutoka usoni, kamera nimeiseti f/8, ISO 100, shata 1/160, na ngozi inatoka laini sana, hata ile mikunjo ya kando ya macho inakaa vizuri vile napenda, lakini kwa miwani kuna duara jeupe limefunika jicho lote. Nikirudisha stendi nyuma duara linapungua ila kivuli kinakuwa kikali, tena ukuta unamtia ukijani shavuni. Kuvua miwani amekataa na ni haki yake, hiyo ndiyo sura yake tunayoijua. Sasa niinue mwavuli juu zaidi ama nimgeuze uso kidogo? Na flashi ya ule mwavuli wa pili niizime, nitundike shuka jeupe upande wa kulia lirudishe mwanga? Aliyewahi kupiga mtu wa miwani kwa chumba kidogo anisaidie tafadhali, nimebaki na siku mbili.