Mafundi wa viraka kwenye matangi ya asidi, mtatuulia watu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Tangi letu la asidi ya haidrokloriki limevuja tena, palepale lilipozibwa, na mkandarasi aliyeliziba ametuandikia kwamba tumelitumia vibaya. Vibaya vipi? Tumeweka asidi kwenye tangi la asidi!

Kwa wasioijua kazi hii: tangi ni la chuma, ndani limevikwa mpira wa unene wa milimita chache, na mpira huo ndio kinga pekee. Ukipata kitundu, hata cha kupita sindano, asidi inapenya na kula chuma kimyakimya. Inapokula inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inaubandua mpira na kuufanya uvimbe. Gesi hiyo inalipuka. Hawa jamaa waliingia na grainda inayotema cheche kwenda kuupasua uvimbe! Mlinzi wa zamu ndiye aliyewatoa.

Basi wakaukata kwa kisu, wakasugua chuma kwa brashi ya waya, wakapaka gundi, wakabandika kiraka, wakaondoka. Tulipokifungua kiraka hicho tulikuta majimaji ya kijani chini yake, yaani chuma kilichoyeyukia kwenye asidi. Kingo za mpira wa zamani zimekatwa wima, hazikuchongwa mshazari ili kiraka kilale vizuri. Kiraka chenyewe kilitoka kwa mkono, kikiwa na ganda la kutu mgongoni. Gundi ilishika kutu, haikuwahi kushika chuma.

Brashi ya waya inang'arisha tu! Chuma kilicholiwa na asidi kina vishimo, na chumvi, yaani mabaki ya asidi iliyokula chuma, inajificha humo. Unaosha, unapiga mchanga kwa upepo wa kompresa, unapima chumvi. Ukiikuta bado ipo, unaosha na kupiga tena, mpaka chuma kibaki kitupu na chenye mikwaruzo ya kushika gundi. Na unyevu je? Joto la chuma linatakiwa liwe juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji) kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, la sivyo unapaka gundi juu ya maji usiyoyaona. Niliomba vipimo vya siku ile. Havipo.

Kinachoniuma kuliko yote ni kipimo cha cheche. Unapitisha brashi yenye maelfu ya volti juu ya mpira, na penye kitundu cheche inaruka hadi kwenye chuma, unaiona na kuisikia. Kwa kiraka kimoja hiyo ni kazi ndogo sana. Wao kwenye karatasi ya makabidhiano wameandika "imekaguliwa kwa macho". Kitundu cha sindano, ndani ya tangi lenye giza, kwa macho!

Wakubwa wetu nao wana lawama. Walichagua bei ya chini, wakataka tangi lirudi kazini kabla gundi haijakomaa, na sasa wanataka kumwita mkandarasi yuleyule. Nimegoma kutia saini.

Wenye uzoefu, kwenye mikataba yenu mnaweka kifungu gani ili mkandarasi asilipwe mpaka apige mchanga, apime chumvi na kupitisha cheche mbele ya mtu wenu? Niwekeeni maneno kamili hapa, nina kikao na meneja.