Naomba ushauri: niwasimulieje vijana kisa cha Phaethon?

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaandaa masimulizi ya hekaya ya Kigiriki ya Phaethon kwa wanafunzi wa sekondari, na kuna jambo linalonitatiza. Kijana huyu, akitaka kuthibitisha kwamba baba yake ni Helios, mungu wa jua, aliomba aendeshe gari la jua kwa siku moja. Naye Helios, aliyekwisha kuapa kwa Styx, mto wa kuzimu ambao kiapo chake hata miungu hawawezi kukivunja, kwamba atampa lolote atakalo, alimsihi abadili ombi lake, asisikilizwe. Farasi walipohisi kwamba mzigo ni mwepesi kuliko walivyozoea waliacha njia, na kijana alipomwona Nge wa angani, yaani kundi la nyota lenye umbo la nge, akaingiwa na hofu, akaachia hatamu. Dunia ikaanza kuungua, mpaka Zeus, mfalme wa miungu, akampiga kijana huyo kwa radi, akaangukia mto Eridanus.

Wengi humlaumu Phaethon peke yake. Mimi naona baba aliyeahidi kabla ya kusikia ombi ana sehemu kubwa ya lawama, lakini nachelea kwamba nikilisisitiza hilo, vijana watajiona hawana la kujirekebisha. Je, nianze na kiapo, au niwaache kwanza wapande gari pamoja naye? Mliowahi kufundisha hekaya hizi, tafadhali nielekezeni.