Walichomfanyia JeeJa Yanin kwenye filamu za mapigano za Thailand kinaniuma, wakuu

Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa hasira, asiyetaka kusikia apite tu.

Kila zikitajwa filamu za Thailand humu ndani, majibu ni Tony Jaa, Tony Jaa, Tony Jaa. Sina ugomvi naye. Ong-Bak ya 2003, ambayo steringi ni yeye, ilituonesha viwiko na magoti bila kamba wala kompyuta. Lakini mwaka 2008 mwongozaji yuleyule, Prachya Pinkaew, na fundi yuleyule wa mapigano, Panna Rittikrai, walitoa Chocolate. Steringi ni msichana, JeeJa Yanin, aliyetoka kwenye taekwondo. Mnakumbuka mwishoni, wanavyopigana kwenye vibaraza vyembamba nje ya ghorofa, maadui wanadondoka mmoja mmoja mpaka chini? Halafu majina yanapopita tunaoneshwa walivyoumia kweli wakati wa kurekodi, yeye mwenyewe akiwemo.

Sasa niambieni, baada ya hapo walimpa nini huyo dada? Raging Phoenix ya 2009 anatekwa, anaokolewa na mwanaume, ndipo anafundishwa kupigana. Ikaja Tom-Yum-Goong 2 mwaka 2013, yumo, ila steringi ni Tony Jaa. Mtu aliyebeba filamu nzima peke yake leo anapewa nafasi ya pembeni! Inauma.

Na hata hiyo Chocolate ina jambo linalonikera. Ting, anayechezwa na Tony Jaa kwenye Ong-Bak, anajua muay thai, mchezo wa ngumi na mateke wa Thailand, kwa sababu amefundishwa na mtawa kijijini, ametoka jasho. Zen, anayechezwa na JeeJa kwenye Chocolate, yeye ana usonji, anaangalia filamu na vijana wa mazoezi wa jirani, anaiga, kwisha habari. Kwa nini msichana asijue kupigana kwa sababu amefanya mazoezi? Mimi nina mpwa mwenye usonji. Zen anavyopagawa akiona nzi, hapo waligusa ukweli, nilimwona mpwa wangu kabisa. Ila huo uwezo wa kunakili mateke kwa kuangalia ni uongo unaowabebesha watoto hawa matarajio wasiyoyaweza. Na yule kijana anayeletwa kupambana naye huku mwili ukimshtuka-shtuka? Hana maisha yoyote mle. Ameletwa ugonjwa wake uwe mtindo wa kupigana, akishapigwa basi.

Kuna na suala la kathoey, watu waliozaliwa wanaume wanaoishi kama wanawake. Kwenye Chocolate wako genge la adui. Kwenye Tom-Yum-Goong ya 2005 adui mkuu ni Jin Xing, mcheza dansi mkubwa wa China aliyebadili jinsia. Mwongozaji ni huyohuyo, mara mbili. Wakati Thailand ina Nong Toom, kathoey aliyepanda ulingoni amejipaka vipodozi na kuwachapa wanaume, na filamu ya maisha yake, Beautiful Boxer, ilitoka mwaka uleule wa Ong-Bak. Mfano walikuwa nao nyumbani kwao!

Msiniletee habari za utamaduni. Najua Lumpinee, uwanja wa muay thai pale Bangkok, wanawake walikatazwa hata kuugusa ulingo, eti wanaleta mkosi. Lakini Lumpinee ni uwanja wa jeshi, na mwaka 2021 wanawake walipigana pale kwa mara ya kwanza. Kama wanajeshi wamebadilika, watengeneza filamu wanaogopa nini? Mabinti wanaopigana tangu utotoni wamejaa Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, huko huko alikotoka Tony Jaa na Panna. Hawahitaji ugonjwa wala kutekwa ndipo wapewe ruhusa ya kurusha teke.

Kwa hiyo naomba wajuzi wa humu, msiniletee orodha ya Tony Jaa tena. Nitajieni filamu ya mapigano ya Thailand baada ya 2013 ambayo steringi ni mwanamke, amejifunza ngumi kwa jasho lake, na hakuna mwanaume anayekuja kumalizia kazi. Wekeni jina na mwaka, nitaitafuta usiku huu huu.